Vyuma Juu ya Mkeka wa Bibi

Ting'. Kimya kidogo. Halafu ting' nyingine, nyembamba zaidi, kama kijiko kilichogusa ukingo wa bilauri. Ni sauti ya gololi za chuma zikidondoka moja moja ndani ya karai, na mie mpaka leo nikiisikia nasimama nilipo. Juzi nimeisikia tena. Nilikuwa napita njia ya Keko, nimetoka kumpelekea mteja gauni lake, na mbele ya kibanda kimoja fundi wa magari alikuwa amechuchumaa anahesabu gololi zake. Nikasimama na mwavuli wangu mpaka akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamjibu hapana, kaka, nasikiliza tu. Akacheka. Wewe pia cheka ukipenda, lakini vuta kigoda ukae, maana sauti ile ilinirudisha Temeke, kwenye uwanja wa bibi, mwaka ule baba alipofungua giaboksi ya lori nyumbani.

Temeke ya wakati ule usiifananishe na ya sasa. Nyumba zilikuwa zimeachana, katikati yake mihogo na minazi, na njia za mchanga zilijikunja zilivyotaka zenyewe. Asubuhi ilianza kwa sauti ya fagio. Kila uwanja ulikuwa na msichana wake ameinama, chelewa zikichora mistari mchangani, na mie nilikuwa nikichora mawimbi badala ya mistari, nikijiambia kwamba kuku wakipita wataogelea. Kisha ilikuja harufu ya vitumbua kutoka kwa jirani yetu, na moshi wa vifuu, na mihogo ya bibi iliyochemka kwa tui mpaka ikapasuka. Nilikula nikiwa mbali kwa mawazo. Bibi alikuwa akisema masikio yangu mawili yako nyumbani, ila yako mengine mawili ambayo hajui huwa yanakwenda wapi.

Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa. Baba alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja pwani kwa garimoshi akamwoa mama, na baadaye akachukuliwa jeshini kwenda vita vya Bama, huko Asia, kuendesha malori. Aliporudi alinikuta nang'oka meno ya utoto, naishi kwa mama mzaa mama. Wengi walidhani atanichukua siku hiyo hiyo. Hakunichukua. Alijenga chumba kimoja ukingoni mwa uwanja wa mama mkwe wake, akakaa. Akapata kazi ya kuendesha lori la mzee mmoja Mwarabu mwenye duka la rejareja, ambaye sote tulimwita tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari. Lori lilileta nazi na mkaa kutoka mashambani, huko Mbagala na kwingineko, na kila jioni lililala uwanjani kwetu, pua yake ikitazama jiko la bibi.

Hapo iko mila moja ambayo lazima niieleze. Baba na bibi walikuwa hawasemezani. Usidhani walikuwa wamegombana, la. Ilikuwa heshima. Mkwe mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake, hapazi sauti mbele yake, na kama ana neno, hutafuta wa kulipeleka. Wa kulipeleka nilikuwa mie. Watakuwa wote wawili uwanjani, hatua chache tu kati yao, na baba ataniambia, "Mwambie bibi yako leo nitachelewa." Nitatembea mpaka kwa bibi, nitalisema neno lile lile alilokwisha kulisikia, naye atanijibu, "Mwambie baba yako nimeshasikia." Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa nikiyabeba maneno yao taratibu, kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa pomoni.

Masika yale lori likaanza kuugua. Likipanda kilima liliguna kama mtu anayesaga mahindi mabichi, na gia ya pili ikawa inaruka yenyewe. Baba alisema ni giaboksi, beringi imekwisha. Tajiri akaja, akalizunguka lori mikono nyuma, akasema gari limezeeka naye amezeeka, na wazee wawili hawawezi kuuguzana. Ijumaa baada ya sala atakuja na mtu anayenunua magari mabovu apate vyuma vyake. Lori likitembea mbele yao, litabaki na kazi itabaki. Lisipotembea, basi.

Jioni ile baba aliniita. Aliongea polepole, akitazama mikono yake. Niende nikamwambie bibi kwamba kazi ikiisha, yeye hana la kumweka pwani, atarudi kwao Tabora, na mtoto atakwenda naye, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake.

Nikavuka uwanja na neno lile. Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nililisema lote, sikuacha hata kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Mkono wake ukasimama. Nazi iliyokunwa ikadondoka nje ya sinia. Akasema, "Mwambie baba yako nimeshasikia," akaendelea kukuna.

Kesho yake baba na wanaume wawili wa mtaani wakalala chini ya lori juu ya magunia. Waliifunga giaboksi kwa kamba za usumba, wakaishusha juu ya gogo la mnazi kwa upole, kama mgonjwa anayeteremshwa kitandani. Jirani yetu muuza vitumbua, ambaye alikuwa mtani wa baba kama Wazaramo wote walivyo watani wa Wanyamwezi, alikuja na sinia lake kichwani kuangalia.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zenu walibeba mizigo mpaka pwani kwa mabega yao. Wewe umepewa gari, na gari nalo umelilaza."

Baba akajibu kutoka kule chini kwamba heri yeye aliyelaza gari kuliko Mzaramo anayeacha vitumbua vikiungua aje kutazama miguu ya wanaume. Jirani akakimbia kweli kuvitazama vitumbua vyake, na sie tukacheka mpaka kamba zikalegea.

Bibi alikuwa ametazama yote kutoka mlangoni. Akaingia ndani, akateremsha darini mkeka wake mzuri, ule wa ukindu wa rangi aliousuka mwenyewe, ambao haukutandikwa ila kwa wageni. Akanipa. Nimwambie baba vyuma visilale mchangani, vitaokota mchanga.

Basi vikalala juu ya mkeka wa wageni. Baba aliwahi kuona giaboksi zikifunguliwa huko Bama, lakini yeye alikuwa dereva, wafunguaji walikuwa wengine. Kwa hiyo alitegemea mpango mmoja tu. Kila chuma kilichotoka alikilaza mkekani kwa zamu yake, kilichotoka kwanza huku, kilichofuata kando yake, na kila kimoja kikitazama upande kilikotazama kilipokuwa ndani. Siku ya kurudisha angeanzia mwisho wa mkeka na kurudi mwanzo. Akanipa tambara na kopo la mafuta ya taa, nisafishe kimoja kimoja na kukirudisha pale pale. Gololi za beringi iliyokufa akaziangusha kwenye karai. Ting'. Ting'.

Rafiki yangu, sijui nikueleze vipi uzuri wa vyuma vile. Vilitoka vyeusi, vinanuka oili nzito, na chini ya tambara langu viling'aa mpaka nikayaona macho yangu kwenye meno yao. Nikaona hawa si vyuma, hii ni harusi. Ile shafti ndefu ndiye bwana harusi, amesimama wima kwa kiburi. Gia pana iliyomfuata ni somo wa bibi harusi, yule kungwi wake, mnene, anajua kila kitu. Nyuma yake shangazi wawili wanaofanana, ila mmoja ana pengo la jino na haraka ya kula pilau. Gia iliyong'aa kuliko zote nikamfanya bibi harusi, na ile ndogo ya pembeni, iliyokuwa peke yake kwenye kishafti chake, ni mtoto mbeba marashi. Niliisimulia harusi ile mchana kutwa, na bibi alikuwa karibu anachambua mchele, akiniuliza kwa mfano shangazi wamevaa nini, na kwa nini mbeba marashi amewekwa mbali na wenzake.

Alhamisi baba akaondoka alfajiri kutafuta beringi kwenye malori ya jeshi yaliyokufa, huko nje ya mji. Aliniachia neno la kumpelekea bibi, kwamba vyuma visiguswe. Nikalifikisha, kisha nikaenda kisimani.

Niliporudi na ndoo kichwani, uwanjani palikuwa na wageni. Wazee kutoka Kimbiji, kanzu zao zimeshika vumbi la safari, wamekuja kumposea kijana wao mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaa nasi pale kwa bibi. Walikuwa wamekaa wanakunywa chai ya tangawizi. Walikuwa wamekaa juu ya mkeka. Na vyuma vyote, bwana harusi, somo, mashangazi, vilikuwa vimerundikana kwenye ungo kama viazi.

Bibi akaniambia kwa sauti ya chini, akiwa na furaha ya kulitimiza neno, kwamba hakugusa hata kimoja. Aliunyanyua mkeka kwa pembe zake, yeye na mama mdogo, vikateremka vyenyewe kwenye ungo. Maana wazee waliotoka Kimbiji kuleta posa hawezi mtu kuwakalisha mchangani.

Baba akarudi na beringi yake ameifunga kwenye kitambaa, uso umemchanua. Akawaamkia wageni. Halafu akauona ungo. Nilimtazama, na moyo wangu ukawa mdogo kama gololi. Mtu mwingine angefoka. Yeye alisimama pale, bibi yuko hatua chache amejitanda khanga yake, wageni wanamtazama. Akanigeukia mie.

"Mwambie bibi yako," akasema, "mkeka umewapendeza wageni."

Kisha akazunguka nyuma ya lori, akakaa kwenye gurudumu la akiba.

Nilikwenda kwa bibi na neno lile, na safari hii sauti yangu haikunyooka. Sijui aliona nini usoni mwangu. Wageni walipokwisha kuaga, alichukua ungo ule mzito, akautandika mkeka tena, akatembea mwenyewe mpaka nyuma ya lori. Bila mie.

"Mwanangu," akamwambia, "njoo ukae. Huyu mtoto ana harusi yake, na mie naijua. Tutakupangia."

Baba akainuka haraka kama aliyeitwa na mkubwa wa jeshi, macho yake yako chini. Alikuja akakaa. Na alasiri ile yote, jua likipenya kwenye makuti na kumwaga vijisenti vya mwanga juu ya mkeka, mie na bibi tulipanga harusi. Baba alikuwa akiuliza, "Somo alifuatwa na nani?" nasi tukibishana. Bibi alishikilia kwamba shangazi mwenye pengo ndiye aliyetangulia, kwa kuwa nilimwambia ana haraka ya kula pilau. Alisema kweli, kile chuma chenye jino lililovunjika kikaingia kama kilikuwa kinangojwa. Mmoja mmoja wote waliingia nyumbani kwao. Mbeba marashi tu ndiye aliyetushinda. Mahali pake tulipajua sote, ila alikuwa ametazama upande gani, hapana aliyekumbuka. Baba alimgeuza na kumgeuza, akamwingiza. Usiku ule wale wanaume wawili wakamsaidia kuirudisha giaboksi chini ya lori.

Ijumaa tajiri akaja na yule mnunuzi wake wa vyuma, na mtaa mzima ukaja pia. Lori lilikuwa limeelekea jiko, lazima litoke kwa kurudi nyuma. Baba akawasha, akatia gia ya nyuma. Ikalia kama kuku aliyekanyagwa, na lori halikwenda popote. Akajaribu tena, nami nikajua ni mbeba marashi, tumemwelekeza kusiko. Mnunuzi akatabasamu. Bibi akaushika mlango wa jiko.

Jirani ndiye aliyetuokoa. Akatua sinia lake, akasema huyu punda wa Mnyamwezi hana nyuma, basi tumsukume tuone mbele yake. Watu wakaliwekea mabega, wanaume kwa wanawake, wakalisukuma mpaka barabarani. Baba akatia ya kwanza. Lori likaondoka. Likabadili ya pili, ya tatu, halikuguna, halikuruka, likapotea kwenye vumbi la njia ya Kiwalani na kurudi kwa kuzunguka upande wa pili, laini kama mashine ya kushonea.

Tajiri akamwuliza, na nyuma? Baba akamwambia ukweli, nyuma haliendi.

Mzee akafikiri, akijipangusa jasho la kilemba. "Kwani huko nyuma nimesahau nini?" akasema. "Nazi ziko mbele."

Na hivyo ndivyo lilivyokwenda miaka yote iliyobaki. Baba akaujua mji mzima kwa pembe za kuzungukia, na jioni akawa anasukumwa na mtaa kuingia nyumbani kinyumenyume, ili asubuhi atoke kwa mbele. Yeye na bibi hawakusemezana tena baada ya siku ile. Walinirudishia kazi yangu, kana kwamba hapakutokea kitu, na mie nikafurahi. Leo lori limekwisha kuwa masufuria, huenda nalipikia bila kujua. Bibi ametutoka. Barabara iliyonyooka imepita pale alipokuwa akikunia nazi, na watu wa sasa wakiwa na neno hupiga kelele tu dirishani. Baba yuko kwao Tabora, amezeeka, na nikimtembelea wakati mwingine huniambia, "Mwambie bibi yako," halafu hunyamaza.

Lakini Ijumaa ile, watu wangali barabarani wanashangilia, niliingia ndani peke yangu. Nyuma ya mlango palikuwa na furushi. Bibi alikuwa amenifungia nguo zangu katika khanga yake, tayari kwa safari ya Tabora, bila kumwambia mtu. Fundo lilikuwa limekazwa sana, nikalifungua kwa meno. Nikatoa gauni la shule, nikalitundika msumarini. Nikatoa lile la sikukuu, nikalitundika juu yake. Kisha nikaikung'uta khanga, nikaikunja, nikaiweka juu ya kitanda cha bibi.