Kukatwa Mkia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi yake ya mvuke, Mama alijibandika kifuani kitambaa cha kijani, alama ya wafanyakazi wapya, kisha akajiambia kwa sauti, "Karibu kazini, mgeni." Wenzake walicheka. Nusu yao ni yeye aliyewafundisha kazi.

Sheria ilisema wazi: aliyefanya kazi miezi sita mfululizo ni mwajiriwa wa kudumu, ana likizo, ana malipo akiugua. Basi kampuni ile ya kufua shuka za hoteli ikajitafutia upenyo. Mwezi wa sita ukikaribia kwisha, mtu anapumzishwa wiki mbili, kisha anaajiriwa upya kama vile hajawahi kukanyaga pale. Wafanyakazi waliuita mchezo huo kukatwa mkia.

Aliyeshika mkasi ni msimamizi, wifi yake Mama. Mwaka mmoja hoteli zikajaa, shuka zikarundikana hadi dirishani, wifi akasahau kumpumzisha Mama. Miezi sita ikapita. Mama alirudi nyumbani anaimba, binti yake akabaki kumkodolea macho, maana siku zote alirudi hata salamu zimemwishia.

Jioni hiyohiyo wifi akabisha hodi, uso umemshuka.

"Wifi yangu, nisitiri. Bosi akijua nimekupitisha, kazi sina."

"Kwa hiyo nitoke mimi?"

"Wiki mbili tu! Kaa nyumbani, urudi kama mpya. Usipodai, hakuna atakayeuliza."

"Mkia wangu umekukosea nini, wewe mwanamke?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Mama. Kesho yake hakwenda kazini.

Alirudi baada ya wiki mbili kama mpya, na sasa mkono wake wa kulia umevimba kwa kazi ya pasi, hauwezi kukunja hata leso. Pasi yake kapewa mwingine. Malipo ya ugonjwa hakuna, mgeni hana haki hiyo. Wifi huja kumwona na mfuko wa matunda, akaongea habari za watoto, akaondoka mapema.

Binti alikuwa amelimeza swali moja tangu jioni ile. Juzi, akimkanda mama yake kwa maji ya moto, likamtoka.

"Mama, ungekataa, wangekufukuza?"

Mama aligeuza mkono upande wa pili ukandwe na huko.

"Hapana. Sheria ilikuwa upande wangu, na nilijua. Nilimwonea haya wifi yangu, basi."