Bingwa wa Madras

Ami Marzouq, jirani yetu hapa Ibra, alizaliwa Tabora kando ya stesheni, akaja kuzeekea nchi hii ya Kiarabu isiyo na reli. Kila mgonjwa wa mtaani aliyekwenda kutibiwa India alisindikizwa na yeye, mradi apande treni.

Mwaka 1994 mkewe, Umkulthum, akaugua moyo.

"Kwani Bombay hakuna madaktari?" akauliza.

"Wapo, lakini bingwa yuko Madras."

"Bingwa wako ana magurudumu, Baba Sinan."

Tulicheka sote, mimi zaidi. Kutoka Bombay hadi Madras treni huchukua zaidi ya siku nzima. Umkulthum alifia njiani, kichwa mapajani mwa mumewe.

Mwanawe Sinan bado humwamkia baba yake shikamoo, kwa adabu tu, kisha hutoka chumbani.