Baba Alisikiliza kwa Meno

Asubuhi hii gari la jirani limeacha moshi wa buluu, na harufu ya oili iliyoungua imenirudisha mjini Bwera, mpakani mwa Uganda, kwenye gereji ya baba. Baruti za mgodini alikofanya kazi zamani zilikuwa zimemwua masikio, kwa hiyo watu aliwasoma midomo, na injini alizisikiliza kwa meno: aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye chuma, akafumba macho.

Siku moja afande mmoja alileta gari lake la mbio, kuukuu, linalogonga, kunywa oili na kutoa moshi wa buluu.

"Pistoni imekufa. Fungua injini yote!"

Afande hakuwa mtu wa kupingwa. Baba aliuma bisibisi, akasita bila uhakika, akaipangusa kwa shati na kunipa mimi, bintiye.

"Unasikia wapi?"

Niliuma. Nikaigusisha ncha juu ya injini, kisha chini.

"Huku juu, baba. Chini kimya."

"Ni valvu," baba akamwambia afande. "Pistoni iko muzima."

"Wewe naamini mutoto?"

"Hii mutoto iko na masikio. Mimi sina."

Alifungua juu tu, akakuta valvu zimelegea, akazitengeneza. Gari liliondoka bila moshi.

Bisibisi ile ninayo. Mpini wake wa mbao una alama za meno makubwa, na kando yake alama ndogo za meno ya utoto.