Kinu Kilichotiwa Mafuta Kupita Kiasi

Asubuhi hii Arlys Svoboda yuko juu ya mnara wa chuma, futi thelathini kutoka ardhini, anaimba wimbo wa kanisani ambao nusu ya maneno yake ameshayasahau. Chini yake Vilima vya Mchanga vya Nebraska, Marekani, vinajikunja kimoja baada ya kingine, kijani hadi macho yachoke. Nyumba hazionekani; hata ya ranchi imejificha nyuma ya kilima cha karibu. Kuna nyasi, upepo na ng'ombe, basi.

"Wewe Arlys! Umeamua kutaga mayai huko juu?" anapaza sauti Virgil Haskett, mzee wa miaka themanini na moja, mwenye ranchi hii.

"Nikitaga nakuletea ukaange, mzee. Hebu nifungie grisi kwenye kamba, acha maneno!"

Arlys, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ni fundi wa vinu vya upepo, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mchanga wa huku hauweki mvua, unaimeza yote. Maji yamelala chini, mengi ajabu, na bila kinu cha kuyavuta ng'ombe hana cha kunywa. Mwaka 1904 serikali ilipotoa ekari mia sita na arobaini kwa kila familia, babu yake Virgil alisimamisha kinu kwanza, nyumba baadaye. Majirani zake wengi walishindwa wakaondoka. Nyumba zao zimeliwa na nyasi, lakini minara bado inaonekana, imesimama peke yake kama watu waliosahauliwa kituoni.

Zamani Arlys alihudumia vinu mia mbili. Leo havifiki arobaini, kwa kuwa wafugaji wanahamia kwenye pampu za sola.

"Siwalaumu," anasema. "Sola haina haja ya mtu wa kupanda. Ila mimi sijui kazi nyingine, na kusema kweli sitaki kuijua."

Kinu cha leo kilikufa miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ng'ombe wamezoea maji ya upande wa kaskazini, na malisho ya huku yamebaki bure. Rodney, mtoto wa Virgil anayeendesha ranchi siku hizi, ametoa neno lake: ng'ombe wakija kunywa hapa kabla ya jua kuzama, kinu kinabaki. Wasipokuja, kinaangushwa, pamoja na vingine kumi na vinne vya ranchi. Kwa Arlys, hiyo ni karibu nusu ya kazi aliyobakiwa nayo.

Mchana upepo unashika mapanga ya kinu. Bomba linakohoa, linatema maji ya kutu, kisha maji meupe yanamiminika kwenye tangi. Virgil anachukua kikombe cha bati kinachoning'inia mnarani, anakunywa. Hatabasamu.

"Mbona kimenyamaza?"

"Nimekitia mafuta, mzee. Kila kiungo."

"Kilikuwa kinalia, enzi nikikitunza mwenyewe. Lorene alikuwa akikisikia kutoka jikoni ananiambia, 'Virgil, tuna maji.'" Lorene ni mkewe, aliyefariki mwaka uleule kinu kilipokufa.

Ng'ombe wamelala kwenye kilima cha pili, wanacheua. Saa zinapita. Hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Rodney, aliyefika kuangalia, anavua kofia, anajikuna.

"Kazi umefanya, mama, nisikudanganye. Lakini wale hawana habari kama kuna kinu hapa."

Arlys anamtazama, halafu anawatazama ng'ombe. Anajipiga paji la uso.

"Mjinga mimi!"

Baba yake alimfundisha kwamba kinu kinachopiga kelele ni aibu ya fundi. Miaka yote hiyo amevinyamazisha, na kila mara alijisifu. Sasa anapanda tena, na kitambaa chenye petroli mkononi. Anafuta mafuta kwenye bawaba ya mkia, hiyo tu, na kuirudishia washa, ile pete kuukuu yenye kutu aliyoitoa asubuhi na kuitia mfukoni.

Upepo unageuka. Mkia unaufuata, na kinu kinalia, mlio mrefu, mwembamba, unaopita juu ya nyasi.

Kilimani ng'ombe mmoja mzee, mwenye pembe iliyovunjika, anasimama. Anasikiliza. Anaanza kuteremka taratibu, na wengine wanainuka nyuma yake, mmoja mmoja, hadi kilima chote kinatembea.

"Haya," anasema Rodney. "Vyote vinabaki."

Virgil ameshika mguu wa mnara, analia waziwazi.

Jumanne ijayo Arlys atakwenda kwenye kinu kingine, bondeni. Anasema kuanzia sasa, kabla ya kufungua kopo la mafuta, atawauliza kwanza wenye nyumba kinu chao kilikuwa kinaliaje.

"Na wewe, mzee?" anamuuliza Virgil akifunga vifaa kwenye pikapu. "Leo utafanya nini?"

"Nitafungua dirisha la jikoni," anajibu mzee.