Paundi Kumi na Moja za Pacha

Lucien Gaudette alimtangulia pacha wake kuja duniani kwa dakika ishirini, na huo ndio ukubwa pekee aliobaki nao. Walipotimiza miaka kumi na tisa, Emmett alikuwa amempita kichwa kizima, mabega yake yakigusa miimo ya mlango.

Walikuwa watoto wa fundi wa kuezeka mapaa mjini Worcester. Tangu sekondari walipiga makasia pamoja katika Ziwa Quinsigamond, Lucien akiongoza mdundo, Emmett akiufuata mgongoni pake. Lucien hakuhitaji kugeuka. Alimsikia ndugu yake akivuta pumzi, akajua nguvu inakuja.

Walipoingia chuoni walikwenda pamoja kujiandikisha kikosi cha wapiga makasia wa uzito mwepesi. Sheria ya kikosi hicho haina mjadala: siku moja kabla ya mashindano kila mwanamume hupanda mizani, na anayezidi paundi mia na sitini hakanyagi mashua. Lucien alikuwa na mia hamsini na tatu. Emmett, mia sabini na moja.

Kocha Trask alimpima Emmett kwa macho toka viatu hadi nywele. "Wewe kijana, nenda kwa wazito."

"Nimetoka huko sasa hivi, kocha. Wameniambia mimi kijiti, nirudi nikinenepa."

"Kule umepungua, huku umezidi. Nikuweke wapi sasa?"

"Niweke nyuma ya Lucien. Hizo paundi kumi na moja nitazitoa."

Trask alisita. Alikuwa ameziona namba za Emmett kwenye mashine ya mazoezi, na katika wepesi wake wote hapakuwa na wa kuzikaribia. "Haya. Hadi Aprili," akasema. Lucien alifurahi mno siku hiyo.

Furaha ilianza kumtoka Krismasi. Mama yao, Bernadette, alipika pai ya nyama ya nguruwe kama alivyopika kila mwaka, na Emmett akawa anakisukuma kipande chake huku na huku kwenye sahani.

"Pai yangu imekukosea nini?" mama aliuliza.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshibia wapi? Kwa majirani?"

Baba alicheka. Lucien aliinamia sahani yake, akala cha kwake, akaongeza na kingine. Yeye angeweza kula pai nzima na mizani isishtuke. Hakuwa amefanya lolote kuustahili mwili ule mdogo. Alipewa tu, kama alivyopewa macho ya kijani. Na mbele ya ndugu yake kila tonge lilimtia haya.

Machi, akitafuta soksi kavu kwenye droo ya Emmett, aliona barua kutoka kwa Daktari Raskin, aliyewapima wanamichezo wa chuo mwezi uliopita. Iliandikwa wazi. Emmett hakuwa na mafuta ya kupunguza tena. Kilichokuwa kikiondoka ni misuli yenyewe. Tena alikuwa bado anarefuka. Chini ya paundi mia sitini na sita, daktari aliandika, mwili huu hauko salama. Mwishoni alimwomba Emmett aifikishe barua kwa kocha. Emmett alikuwa ameikunja mara nne.

Lucien aliirudisha chini ya soksi. Akanyamaza siku kumi na sita.

Alijidanganya kwamba ni siri ya mtu mzima, si yake kuitoa. Ukweli aliujua. Mashua ilikuwa inakwenda kasi, watu wameanza kuitaja, na yeye hakutaka kusikia pumzi ya mtu mwingine mgongoni.

Wiki ya kwanza ya Aprili, katikati ya mazoezi ya asubuhi, pumzi ile ilichelewa. Ikachelewa tena. Kisha mashua ikayumba, na mshika usukani akapiga kelele, "Emmett! Kasia lako!"

Lucien aligeuka. Midomo ya ndugu yake ilikuwa ya buluu, na macho yalikuwa yakimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Niko sawa," Emmett alisema. "Nani amesimamisha?"

Walipofika kwenye banda la mashua Lucien hakubadilisha hata nguo. Alikwenda bwenini, akaichukua barua, akamwekea Trask mezani. Kocha aliisoma mara mbili. "Umeiona lini hii?"

"Machi."

"Machi," Trask alirudia. Akavua kofia. "Na mimi nilikuwa namwona kila siku, bila barua yoyote."

Emmett alilazwa hospitalini siku mbili kwa ajili ya moyo uliokuwa ukipiga polepole mno. Mama yao alikaa kitandani pake bila kumwachia mkono. Lucien alipoingia, Emmett aligeukia ukutani.

"Toka."

"Emmett, ndugu yangu, ungekufa."

"Zilibaki paundi mbili. Mbili tu, Lucien! Wewe hujui maana yake, hujawahi kulala na njaa hata siku moja. Toka."

Mei, nafasi ile ilijazwa na kijana mwembamba kutoka Vermont, mwenye adabu na mikono mizuri. Mashindanoni wakamaliza wa tano kati ya mashua sita.

Kiangazi Emmett alipanda mapaa na baba yake, akala. Mwanzoni alikula akiwa amekunja uso, kama anayemeza dawa. Baadaye akawa anakula tu, ingawa mizani ya bafuni hakuikaribia. Septemba wazito walimchukua, wakamweka mashua yao ya tatu kwa ubora, ambako alikuwa mdogo kuliko wote. Wazito walitoka ziwani saa wepesi walipoingia. Ndugu wale walipishana gatini kila asubuhi, makasia mabegani, wakisalimiana kwa kuinua kidevu tu.

Oktoba Lucien alimsimamisha.

"Niambie kitu kimoja. Ningenyamaza kuhusu ile barua hadi mwisho, ungeniheshimu?"

Emmett alifikiri. Maji yalikuwa yakimdondoka viwikoni.

"Hapana," akasema. "Lakini ningekuwa ndani ya mashua yako."

Akapandisha kasia lake begani, akaenda kuungana na wenzake.