Wimbi Lililokatwa Upande Mmoja

Nikisoma chuo hapa Dodoma, mhadhiri alinipanga maabara na kijana ambaye hatukuwa tukisalimiana naye. Tulitakiwa kuunda kikuza sauti cha transista moja, kiongeze ishara mara hamsini. Kwenye skrini ya kifaa cha kupimia, wimbi la ishara yetu lilitoka limekatwa chini tu.

"Linakatwa kwa sababu volti ya kuanzia imekaa vibaya," nilisema, nikigusa besi, mguu wa transista unaopokea ishara. "Tubadilishe rezista ya besi."

"Dada, hujui kitu. Kinakuza mno." Akausukuma mkono wangu, akachomoa kapasita ya emita, ile inayokifanya kikuza sauti kikuze zaidi. Wimbi likawa dogo, likatoka zima. "Umeona?"

Mhadhiri alikuja akapima. "Wimbi safi, lakini hakifikii hizo mara hamsini. Mtarudia wote wawili."

"Huyu ndiye aliyenichanganya," yule kijana alisema bila kunitazama.

Mhadhiri alipoondoka, niliirudisha kapasita, nikabadili rezista ya besi. Wimbi likapanda kubwa, zima juu na chini.

"Hata mimi ningefika hapo," alisema, akafunga begi.

Nilimfuata mhadhiri ofisini kwake, nikamwambia nitarudia peke yangu. Alikubali. Nikatembea hadi chumbani kwangu mtaa wa Kikuyu, upepo ukinipiga vumbi usoni, hasira haijapungua hata kidogo.