Siku ya Dhamana

Baba Pacha alikuwa mnene, na sitamung'unya maneno. Kuna wanene wa kurithi, kuna wanene wa maradhi, na kuna wanene waliojitafutia unene kwa jasho la mkono wao wa kulia. Huyu alikuwa wa kundi la tatu, na katika kundi hilo angestahili uenyekiti. Wewe unayesoma huku unatafuna kitu, usicheke sana. Taratibu nawe utafika.

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Alipanga chumba mtaa wa pili kutoka nyumbani: mlango mmoja, dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani ya kukanyaga aliyoijua kuliko alivyomjua mkewe. Ya umeme hakuitaka. Alisema cherehani ya mota ni sawa na farasi mwenye kichaa, ukiigusa tu imeshakimbia na suruali ya mteja. Yeye alitaka kuusikia mshono kwa wayo wa mguu. Kitambaa kizito, anakandamiza. Kona ya kola, anabembeleza. Na mguu wa kubembeleza ulikuwa wa kulia, ule ule ambao goti lake lilianza kuvimba hadi likawa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Daktari wa mifupa, ambaye alikuwa akija hospitali ile kwa nadra kama mvua ya kiangazi, alilibonyeza goti, akatikisa kichwa.

"Nitalipasua," alisema, "lakini si likiwa limebeba ghorofa. Nikirudi nataka mzani usome chini ya kilo tisini. Ukizidi, baba, nampasua mwingine."

"Na nisipopasuliwa?"

"Utakanyaga mpaka likatae. Likishakataa, utatafuta kazi ya kukaa."

"Daktari, mimi kazi yangu ndiyo ya kukaa!"

Daktari hakucheka. Nesi mmoja mwenye huruma ndiye aliyemfuata mlangoni akamnong'oneza, "Baba, ukijibana sana utapasuka. Mboga siku sita, halafu siku moja kula roho inachotaka. Kesho yake unarudi kwenye mstari." Baba Pacha alitoka pale akichechemea kwa furaha. Hakujua kwamba sentensi ile ilikuwa pingu, na kwamba ufunguo wake anaupeleka nyumbani mwenyewe.

Nyumbani kulikuwa na mkewe, Mama Pacha. Mabinti zake pacha, wenye umri ule wa kula kama wanajenga barabara. Na mama mkwe, aliyehamia kwao tangu macho yake yaanze kufifia. Mama Pacha alisikiliza habari za daktari, akafunga kanga kiunoni, akatoa hukumu.

"Chungu ni kimoja. Sipiki vyungu viwili mimi. Atakachokula Baba Pacha ndicho tutakachokula wote."

Basi nyumba nzima ikaingia jela kwa kosa la mtu mmoja. Mboga za kuchemsha, maharage yasiyojua mafuta, matango, mkate mkavu wa kahawia unaokwaruza koo. Pacha walikula wakitazama ukutani. Mama mkwe alitafuna kimya kimya, na mara moja moja aliuliza, kwa upole kabisa, kama chumvi imepigwa marufuku na serikali. Lakini Jumamosi! Jumamosi mafuta yalilia kikaangoni tangu asubuhi, nyama, viazi, wali uliopakwa siagi, keki ya kuteremshia. Shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, ambaye siku nyingine alikuwa hana nafasi ya kusalimia hata mgonjwa, Jumamosi alifika kabla ya sufuria kufunuliwa. Yeye ndiye aliyeipa siku ile jina.

"Leo mshitakiwa yuko nje kwa dhamana!" alikuwa akipaza sauti tangu getini. "Shemeji, kula, kesho unarudi rumande!"

Mwanzoni mambo yalikwenda. Baba Pacha alijipima kwenye mzani wa duka la dawa, na mshale ukashuka, ukashuka tena. Kisha ukagoma. Ijumaa alikuta umeshuka, Jumatatu umerudi pale pale kama mbuzi aliyezoea zizi. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mimi mwenyewe shule niliiacha ikiwa bado inaniita, na ninaielewa. Alikuwa mtu anayechota maji kwenye mtumbwi siku sita, ya saba anaufungulia mto. Na daktari alikuwa amebakiza majuma machache tu kurudi.

Ijumaa moja jioni, mbele ya sahani za kabichi, akajitia moyo.

"Jamani, Jumamosi naifuta."

Uma wa pacha mmoja ulianguka sakafuni. Pacha wa pili aliuliza, "Unaifuta nini, baba?"

"Siku ya kula. Hiyo ndiyo inayonirudisha nyuma."

"Huwezi," alisema Mama Pacha.

"Siwezi vipi? Tumbo si langu?"

"Nesi alisema siku moja. Wewe umesomea wapi unesi? Dozi haikatizwi, Baba Pacha. Ukipewa vidonge utameza vya asubuhi tu, vya jioni utupe?"

"Mama Pacha, nyama ya kukaanga si kidonge."

"Kwani mzani ulianza kushuka lini? Si baada ya kuianza hiyo dozi? Sasa unataka kuiacha kazi ikiwa nusu!"

Akajaribu mlango mwingine. "Basi nyinyi kuleni. Mimi nitakaa na tango langu."

"Tule huku unatutazama kama picha ya marehemu?" alisema pacha wa kwanza. "Chakula kitapita wapi?"

Hapo mama mkwe akaweka kijiko chini. Mama huyu hakuwa na kelele. Maneno yake yaliingia kama sindano nyembamba, unahisi uzi tu ukipita.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuwa na goti bovu. Nimekula majani haya pamoja nawe, nikasema, ni mwanangu huyu, nitambebea. Lakini usipokula wewe, mimi nami sili. Siwezi kukaa kwenye karamu ya mkwe, mkwe mwenyewe ana njaa."

Nani ana jibu la hapo? Kama unalo, niletee. Nami ni mtu ninayesifika kwa majibu.

Jumamosi ilipofika, Baba Pacha alikimbia. Aliamka akanywa chai isiyo na sukari, akasema kuna sare za watu zinatakiwa, akachechemea hadi kazini, akajifungia kwa komeo. Alikaa katikati ya mabaki ya vitambaa akajisikia mjanja kuliko sungura. Adhuhuri haijatimia akasikia nyayo nyingi nje, na sahani zikigongana. Kisha harufu ikapita chini ya mlango bila kubisha hodi.

"Baba Pacha, fungua," ilikuwa sauti ya mkewe. "Tumekuletea."

"Nina kazi ya watu!"

"Mbona cherehani haisikiki?"

Akairukia. Hakuwa na kitambaa chochote chini ya sindano, lakini alikanyaga kwa nguvu zote, cherehani ikalia, na goti nalo likalia kwa lugha yake. Kila alipopunguza, nje walinyamaza kusikiliza. Kila aliposikia wamenyamaza, aliongeza. Jasho likamtiririka hadi kwenye kope. Alikuwa akilimaliza goti lile lile alilojifungia kulinusuru, na kuacha hakuweza.

"Shemeji!" ilikuja sauti ya kaka wa mkewe, dirishani. "Mbona inalia tupu hiyo? Kitambaa kiko wapi? Au unamshonea malaika?"

Pacha wakaangua kicheko. Baba Pacha akaacha kukanyaga. Akadhani labda watachoka. Ndipo aliposikia kikohozi kidogo, na kiti kikiburutwa.

"Muacheni afanye kazi," alisema mama mkwe. "Mimi nitakaa hapa hapa kizingitini. Sina haraka. Jua hili si langu peke yangu."

Mtu anaweza kuvumilia njaa, kicheko, hata mke. Lakini kumwacha mama mkwe mwenye macho mabovu juani, watu wa mtaa wakipita na kuuliza kuna nini! Akavuta komeo.

Waliingia wote na sufuria zao, wakasukuma sare za watu pembeni, wakatandika chakula juu ya meza ya kukatia. Mama mkwe akapapasa, akachagua kipande cha nyama kilichonona, akamnyooshea kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wa mkwe haurudishwi. Alikula hicho, akaletewa cha pili, na cha pili kikamwita cha tatu kwa jina. Aibu ni kwamba kilikuwa kitamu. Alikula machozi yakimlenga, na wote wakadhani ni pilipili.

Daktari aliporudi, Baba Pacha alikwenda asubuhi mapema, tumbo tupu, nguo nyepesi kuliko zote kabatini. Alipanda mzani kwa ncha za vidole, kama kwamba sakafu ingemsaidia kubeba. Mshale ukatetemeka, ukasogea kwenye tisini, ukaiangalia, ukaipita kidogo tu, ukatulia.

"Daktari, hivyo ni viatu."

"Umevua viatu, baba."

"Basi hewa. Nimevuta pumzi kubwa."

Daktari alimtazama bila ukali. "Ingekuwa mimi tu ningekubali. Lakini dawa ya usingizi haibembelezwi. Tutaonana msimu ujao." Akaita jina la mwingine. Mwingine huyo alikuwa kijana mwembamba kama uzi, akaingia akiruka ruka kwa mguu mmoja.

Baba Pacha alirudi kwa miguu, akisimama kila kona kulipumzisha goti. Mlangoni kwake aliwakuta wamejaa sebuleni, na shemeji yumo, ingawa ilikuwa Jumanne. Walikuwa wamepika kumpongeza. Walipouona uso wake hawakuuliza. Mama Pacha alishika mdomo, kisha akamvuta ndani, akamkalisha kwenye kochi la kona, pale penye mto laini. Pacha wakajibana mmoja kushoto kwake na mmoja kulia, shemeji akaleta stuli mbele yake, meza ikasogezwa hadi ikamgusa tumbo. Chakula kile kile cha kushangilia sasa kikawa cha kupoza moyo. Hawakubadilisha hata sahani.

"Pole, baba," alisema pacha mmoja, akimpakulia.

"Pole, mume wangu. Kula kwanza, mengine tutajua."

Na mama mkwe, aliyekuwa upande wa pili wa meza, akapapasa, akapata kipande, akamnyooshea.

Baba Pacha alikitazama kikining'inia mbele ya pua yake, mafuta yakidondoka mezani. Akaibana mikono katikati ya mapaja.

"Hapana, mama," alisema.

Shemeji akasahau kutafuna. Katika miaka yote ya ndoa ile, neno hilo halikuwahi kusafiri kwenda upande ule.

"Umesemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Nimesema sili, mama. Nikila sitashona tena. Nisipokula utakasirika. Basi nikasirikie, mama. Goti halina pa kukimbilia, na mimi pia sina."

Mkono wa mama mkwe ulibaki hewani. Kisha ukarudi polepole, ukaingia kinywani mwake mwenyewe. Alitafuna kwa muda mrefu, uso umeelekea kule sauti ya mkwe ilikotoka.

"Imekolea," alisema mwishoni. "Umekosa."

Akapapasa akachukua kingine, naye ndiye yule aliyesema kwamba mkwe asipokula, yeye naye hali. Wengine walipoona hivyo wakainamia sahani, kwanza kwa haya, kisha kwa bidii.

"Nipisheni," alisema Baba Pacha. "Nataka nikalale."

"Subiri kidogo, baba," alisema pacha wa kulia, sahani ya moto mapajani. Wa kushoto alikuwa na mchuzi mkononi. Shemeji alinyanyua kiganja kuomba subira, mdomo umejaa, stuli yake imeziba njia yote iliyobaki. Hakuna aliyesogea. Baba Pacha akaunyoosha mguu wa kulia chini ya meza hadi ulipoweza kufika, akaegemeza kichwa ukutani, akakaa pale katikati yao, akisikiliza wanavyokula.